Elfu kumi na moja za dalali: kisa cha ndege ya mjomba

Mjomba alipomwuliza dalali wa ndege aliyotaka kununua kama vipuri vyake vitapatikana, alijibiwa mstari mmoja tu: "Usiwe na wasiwasi mzee, za aina hii zaidi ya elfu kumi na moja zinaruka duniani." Mjomba akanirushia ujumbe huo kutoka Tukuyu na kuongeza wa kwake chini: "Wewe si mwalimu wa hesabu? Hakikisha."

Mjomba ametengeneza ndege za watu kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda wote huo hajawahi kumiliki hata tairi la ndege. Alipostaafu alirudi kwenye migomba na parachichi zake, lakini mtu aliyezoea harufu ya petroli ya ndege haachi kutazama juu. Mwanawe ana leseni ya urubani. Wawili hao, pamoja na rafiki yao wa Iringa, walikuwa wamechanga fedha wanunue RV-7 iliyotumika na kuiweka Nduli, uwanja wa ndege wa Iringa. Ilikuwa imeundwa Afrika Kusini na usajili wake ulianza na ZU, herufi ambazo nchi ile inazipa ndege zisizo na cheti cha aina, yaani idhini rasmi ya muundo wake, zikiwamo zile ambazo mtu kajiundia mwenyewe.

Kwa msomaji asiyezijua, RV ni ndege za Van's Aircraft, kampuni ya Aurora katika jimbo la Oregon, Marekani, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven miaka ya mwanzo ya 1970. Biashara yake kubwa ni kuuza vipande: mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, michoro, na ribiti kwa maelfu. Mnunuzi anakwenda kuiunda nyumbani, jioni baada ya kazi, mwaka hata miaka. Waingereza wana neno fupi la furushi kama hilo, ila tukiliandika kwa sauti ya Kiswahili linakuwa "kiti", na mjomba alikataa katakata kuambiwa ananunua kiti. Kwa hiyo humu nitasema ndege za kujiundia.

Nilidhani kazi ingenichukua jioni moja. Ilinichukua wiki tatu, na karibu wiki nzima ya kwanza ilikwenda kwenye neno moja: zinaruka.

Mbeya kila mtaa una gari lililo juu ya mawe. Matairi yametolewa, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, lakini ukimwuliza mwenyewe kama ana gari atakwambia anayo, na kadi atakuonyesha. Je, gari hilo linatembea? Kwa kadi lipo. Kwa barabara halipo. Kwa mwenyewe linasubiri gia boksi. Ndege nazo ziko hivyohivyo, tena zaidi, kwa sababu ndege ya kujiundia ina hatua nyingi ambazo mtu anaweza kukwama: kanunua mkia akaacha, kamaliza mabawa akaishiwa, kaimaliza yote lakini haijawahi kuondoka ardhini, iliruka miaka kumi kisha mwenyewe akazeeka. Nikamwuliza mjomba anataka kuhesabiwa zipi. Akasema, "Zile ambazo mwenyewe akivunja kioo leo, kesho atatafuta kioo." Sijapata tafsiri bora zaidi ya hiyo. Mamlaka ya anga ya Marekani ina yake, kavu kidogo: katika uchunguzi wake wa kila mwaka, ndege hai ni ile iliyoruka angalau saa moja katika mwaka husika. Zinakaribiana. Nikashika hiyo ya saa moja kwa sababu inapimika.

Sasa zile elfu kumi na moja zilitoka wapi? Hazikuwa uongo. Kampuni yenyewe huweka hesabu ya ndege zake zilizokamilika na kuruka kwa mara ya kwanza, na hesabu hiyo imeshapita 11,000. Lakini tazama inavyojazwa. Muundaji akimaliza na kuruka, anaitaarifu kampuni, nayo inaongeza moja. Asiyetaarifu hahesabiwi. Upande wa pili, ndege iliyoanguka, iliyokatwa chuma chakavu, au iliyoachwa kwenye banda tangu mwenyewe alipofariki, haipunguzi kitu. Ile hesabu ni kama rejesta ya ubatizo ya parokia: inakwambia wangapi waliingia kanisani wakiwa wachanga, haisemi wangapi wamo Jumapili hii. Dalali alichukua rejesta ya ubatizo akaisoma kama mahudhurio. Sidhani kama alikusudia. Madalali wengi husoma hivyo.

Njia ya pili niliijia kwa kiburi cha mwalimu. Kila furushi la RV lina namba yake ya mfululizo, na tarakimu za mwanzo zinataja modeli: RV-7 huanza na 7, RV-8 huanza na 8, RV-10 ikapewa 4. Nikakumbuka kisa cha vifaru ambacho huwa nakifundisha kidato cha sita. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Washirika walitaka kujua Wajerumani wanaunda vifaru vingapi kwa mwezi. Majasusi waliripoti kwa Juni 1940 vifaru 1,000. Wanatakwimu wakachukua namba za mfululizo za vifaru vilivyotekwa na kuharibiwa, wakapiga hesabu, wakapata 169. Vita ilipokwisha na madaftari ya Wajerumani kufunguliwa, jibu lilikuwa 122. Kwa Agosti 1942 majasusi walisema 1,550, wanatakwimu 327, madaftari 342. Kanuni yenyewe ni fupi: chukua namba kubwa kuliko zote ulizoziona, ongeza namba hiyo ikigawanywa kwa idadi ya vifaru ulivyoviona, kisha toa moja. Ukiona vifaru vitano na namba kubwa ni 60, kisio ni 60 kuongeza 12 kutoa 1, yaani 71.

Nilikaa usiku na bando la usiku, nikakusanya namba kutoka kwenye matangazo ya ndege zinazouzwa. Nikapiga hesabu, nikampigia simu mjomba asubuhi.

"Shikamoo mjomba. Nimepata."

"Marahaba mjomba. Umepata nini?"

Nikamweleza vifaru mpaka mwisho. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka kile kicheko chake cha kufungua boneti.

"Mjomba, namba hiyo hupewa mkia."

Na kweli. Furushi la RV haliuzwi mara moja. Mtu huanza na mkia, kwa sababu ndio sehemu ndogo na nafuu ya kujipimia kama kazi anaiweza. Akimaliza ananunua mabawa, halafu kiwiliwili, halafu vya kumalizia. Namba ya mfululizo anapewa anaponunua mkia. Kwa hiyo kanuni yangu ya vifaru ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kabisa, ikanipa kisio cha mikia. Kifaru cha Mjerumani kilitoka kiwandani kikiwa kifaru; mkia wa RV unatoka kiwandani ukiwa ndoto ya mtu. Wangapi hufika mwisho? Hapo namba ya mfululizo haina la kusema. Lakini sikuitupa, kwa sababu ilinipa dari: zinazoruka haziwezi kuzidi mikia iliyouzwa.

Nikaenda kwenye daftari la usajili la Marekani, kwa kuwa RV nyingi ziko huko na daftari zima hupakuliwa bure. Hapo ndipo nilipotoka jasho. Sheria ya Marekani inamtambua muundaji, aliyefanya zaidi ya nusu ya kazi, kuwa ndiye mtengenezaji wa ndege. Ukijenga nyumba Uyole kwa saruji ya kiwanda cha Songwe, hati haiandikwi jina la kiwanda. Basi na safu ya "mtengenezaji" katika daftari lile imejaa majina ya watu: huyu kaandika jina lake la ukoo, yule kaandika la kwake na la mkewe, mwingine ameandika Van's, yenye ritifaa au bila. Safu ya modeli ndiyo balaa zaidi. RV-7, RV7, RV 7, na RV-7A, ambayo ni ile yenye gurudumu la mbele, na wapo walioona modeli ni mahali pa kuweka jina la utani la ndege. Ukitafuta neno moja unapata kipande tu. Ukitafuta "RV" peke yake unaokota na vitu vya watu wengine kabisa. Nilisoma kwa macho mpaka yakaniuma, na nimebaki na hakika kwamba kuna ndege zilizonipita.

Daftari lina ugonjwa wa pili, ule wa gari juu ya mawe. Zamani usajili wa Marekani ulikuwa hauishi. Mtu anakufa, ndege inaoza, namba inabaki. Mwaka 2010 wakaweka sheria ya kusajili upya kila miaka mitatu, na daftari likapukutika majina ya mizimu. Tangu 2023 muda umekuwa miaka saba. Hata hivyo usajili si kuruka. Ndege husajiliwa kabla haijaruka, kwa kuwa bila usajili haipati cheti cha kuruka. Na ukaguzi wa kila mwaka, ambao ungetuambia nani yu hai, huandikwa katika kitabu cha ndege na kubaki hukohuko kwa mwenyewe. Uingereza wana nafuu: ndege za namna hii zinaruka kwa kibali kinachohuishwa kila mwaka, hivyo ukihesabu vibali hai umekaribia sana kuhesabu ndege hai. Laiti zote zingekuwa Uingereza.

Mwanafunzi wangu mmoja akanishauri: si uhesabu zile zinazoonekana angani? Tangu Januari 1, 2020, ndege inayoingia katika sehemu nyingi za anga zinazodhibitiwa Marekani lazima iwe na kifaa kinachotangaza ilipo, na watu huzikusanya ishara hizo. Wazo zuri. Na linatuleta kwenye hesabu ambayo watu wa wanyamapori wanaijua, ya kukamata na kukamata tena. Tuseme Jumatatu unasimama Kabwe, hapa Mbeya, na kuandika namba za bajaji 60. Ijumaa unaandika 50, na katika hizo 20 ulikwisha kuziona Jumatatu. Zidisha 60 kwa 50, gawanya kwa 20: mjini kuna bajaji kama 150. Lakini hesabu hiyo inadhani kila bajaji ina nafasi sawa ya kupita Kabwe. Haina. Wenye kijiwe Kabwe watakuwapo siku zote mbili, na wa Iyunga hatakuwapo hata moja. Marudio yanakuwa mengi kuliko yanavyopaswa, na kisio linashuka. Ndivyo ilivyo kwa RV. Anayeruka kutoka uwanja wa nyasi shambani kwake, mbali na miji mikubwa, halazimiki kuwa na kifaa kile. Halafu wale wanaotua Oshkosh, Wisconsin, kwenye mkutano wa wapenda ndege wa kila Julai, ndio walewale wanaoonekana angani kila wikiendi. Orodha mbili, watu walewale. Kwa hiyo njia hii ikanipa sakafu.

Watu wa Iringa hawahitaji kufundishwa jinsi hesabu ya kutoka angani inavyoweza kuyumba. Sensa ya tembo ya Ruaha na Rungwa ilitoa takriban 20,000 mwaka 2013. Mwaka 2014 ikatoa kama 8,200. Ikarudiwa 2015, ikatoa kama 15,800. Tembo hawazai hivyo. Ujangili ulikuwapo na ulikuwa mkubwa, hilo halina ubishi, lakini kupanda kwa karibu mara mbili ndani ya mwaka mmoja hakuwezi kuwa kazi ya tembo wenyewe. Kuna wanaotembea na kuna wasioonekana. Na tembo ni mnyama wa tani kadhaa anayesimama mahali pa wazi.

Nikawa na sakafu, nina dari, na nina rejesta ya ubatizo. Nikaamua kuanzia kwenye rejesta na kuisahihisha kwa makisio yaliyo wazi, ili mjomba asipokubaliana nami aone ni wapi hakubaliani. Kwanza nikaongeza wasiotaarifu, nikichukua kwamba ni mmoja katika ishirini. 11,000 ikawa kama 11,550. Pili nikatoa zilizokufa. Ndege za kwanza zina miaka hamsini, nyingi ni za miaka ya karibuni, nikachukua umri wa wastani wa miaka kumi na saba. Zikifa asilimia moja kila mwaka, zimebaki asilimia 84. Zikifa nusu ya hapo, zimebaki karibu asilimia 92. Tatu nikatoa zilizo juu ya mawe: nikachukua kwamba zilizo hai, kwa ile kanuni ya saa moja kwa mwaka, ni kati ya robo tatu na tisa ya kumi ya zilizobaki. Ukizidisha pande za chini unapata kama 7,300. Pande za juu, kama 9,500.

Nisisitize kwamba asilimia hizo nimezikata kwa kisu changu. Anayejua zaidi akate kwa chake. Lakini jambo moja lilinishangaza: hata ukizisukuma asilimia hadi mahali pa kuchekesha, ni vigumu kushuka chini ya elfu sita au kupita elfu kumi na moja. Dalali alikuwa amekosea neno, siyo ukubwa. Nilitaka sana awe mwongo, na ilinibidi nikiri kwamba hakuwa.

Nikampelekea mjomba karatasi. Akaisoma yote, kwa sababu ni mtu wa kusoma karatasi, kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo.

"Na katika hizi, injini ngapi ni Lycoming?"

Nyingi mno. RV-7 imekusudiwa injini za Lycoming, jamii ileile iliyomo katika Cessna 172 nyingi, ndege ambayo fundi yeyote wa viwanja vyetu ameshaifungua. Kwa hiyo upande wa injini, idadi ya RV haisemi karibu lolote kuhusu vipuri. Anayesema ni Cessna. Upande wa bodi, bati likipasuka unalikata upya kwa mchoro. Vyombo vya mbele kila muundaji kachagua vyake, kwa hiyo hata RV-7 mbili zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu haziko sawa. Kumbe mjomba alikuwa ananihesabisha kitu ambacho katika karakana hakipo: ndege elfu kadhaa za aina moja.

Hofu yake nyingine ilikuwa kwamba kampuni ilikwisha kufilisika. Hiyo ni nusu ya habari. Desemba 2023 Van's iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, baada ya mambo kadhaa, likiwamo la vipande vilivyokatwa kwa leza ambavyo matundu yake yalionekana kuanza nyufa na kulazimu vibadilishwe kwa wingi. Mwaka 2024 ikatoka katika mchakato huo ikiwa inaendelea na kazi, bei zikiwa zimepanda kwa karibu theluthi. Ndege ya mjomba ilikuwa imeundwa miaka mingi kabla ya leza hizo.

Kilichobaki ni ajali, na hapo ndipo idadi inapohitajika kweli, kwa sababu ajali bila idadi ya ndege ni kelele tu. Binti yake mjomba alikuwa amemtumia orodha ndefu ya RV zilizoanguka, ya kutisha. Nikatafuta kilichochapishwa na bodi ya Marekani inayochunguza ajali. Ripoti yao ya 2012 inasema ndege za kujiundia zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za nchi ile, lakini mwaka 2011 zilibeba kama asilimia 15 ya ajali zote na asilimia 21 ya ajali za vifo. Hizo ni ndege za kujiundia za kila aina, na RV ni sehemu tu ya kundi hilo. Ila ndani ya ripoti kulikuwa na sentensi iliyonifanya nimpigie simu saa nne usiku: zaidi ya nusu ya ajali za mwaka ule zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, siyo za waliojiundia wenyewe. Na ruko la kwanza la mmiliki mpya ni wakati mbaya, kwa kuwa muundaji anaijua tabia ya ndege yake, na anayekuja baada yake anairithi kimya.

"Hiyo," mjomba akasema, "ungeniambia wiki ya kwanza."

Ugomvi wa halali. Nilikuwa nahesabu.

Akamwomba dalali picha za kitabu cha ndege, kurasa zote, na picha ya mita ya saa za injini. Zilikuja baada ya siku nne na maelezo mengi. Mjomba alinitumia ukurasa wa mwisho bila neno. Ruko la mwisho lilikuwa limepita miaka mitatu na miezi. Kabla ya hapo, saa mbili mwaka mmoja, saa moja na nusu mwaka mwingine. Akanieleza kwa subira kwamba katika Lycoming kamshafti, ule mhimili unaofungua vali, iko juu, na injini ikikaa bila kuwashwa mafuta huteremka yote chini, kamshafti inabaki kavu, inaota kutu, na kutu ile huioni mpaka umefungua injini.

Nikafungua tena karatasi yangu. Katika rejesta ya kampuni ndege hiyo imo. Kwa mkia imo. Kwa usajili imo, ZU yake ni safi kabisa. Katika zile 7,300 haimo, na katika zile 9,500 haimo.

"Yaani hii ni mojawapo ya zile ulizozitoa?" mjomba akauliza.

"Ndiyo, mjomba. Iko juu ya mawe."

Akafikiri kidogo. Nyuma yake nilisikia mvua ya Tukuyu ikipiga bati.

"Basi mwandikie dalali wewe, kwa hizo hesabu zako. Mwambie kwanza aondoe bei ya injini."